Mama Chumvi na Jiwe la Nyuma ya Ngong

Dada Trufosa,

Barua huanza kwa kumuuliza mwenzako kama ni mzima, halafu unamwambia wewe pia ni mzima ila tu wasiwasi wa maisha. Hapo umeniweka kwa kona. Basi wacha nianze na mimi mwenyewe. Niko, Dada. Goti la kushoto linalia kukiwa na baridi, meno yamebaki ya kutosha nyama ya mbuzi, na jina langu bado ni kubwa kutoka Kabiria mpaka Waithaka. Ukitaja Makokha wa matenti, hata mbwa wanasimama.

Unacheka. Najua unacheka. Uliniambia siku moja, ukiwa umeshika mwiko, "Makokha, ukweli kwako ni kama chumvi kwa mboga, unatia kidogo tu ili uongo upate ladha." Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kuwaambia watu kwamba hiyo methali niliitunga mimi.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limetokea nyuma ya milima ya Ngong, na ulikuwa wewe peke yako unayejua ukweli wake. Sasa wengine wamejua. Nimebaki bila siri, kama kuku aliyenyonyolewa, ndio nikaona heri usikie kutoka kwangu.

Lakini kwanza, unakumbuka ile belo ya mitumba? Tulikuwa kwa kibanda chako Kawangware, ukitarajia mashuka na mapazia, ukakata kamba na likatoka lile dude la rangi ya chungwa, refu, lina zipu mbili na halina mikono. Mimi nikakuambia kwa uhakika kabisa kwamba hilo ni koti la mvua la farasi. Nikasema kule Karen farasi wana makoti mengi kuliko watu wa Kabiria. Uliniamini karibu dakika nzima. Halafu zikaanguka pegi za tenti, ukalikunja taratibu kama mtu anayefunga mtoto, ukasema, "Hii siuzi." Jioni hiyo ulilisimamisha uani kwa ploti, katikati ya kamba za nguo, na landilodi akaja mbio kuuliza mpangaji mpya ni nani na amelipa kwa nani.

Watu hawakukuelewa, Dada. Sisi watu wa kutoka magharibi tulikuja Nairobi tulale ndani ya nyumba ya mawe. Sasa mtu mzima, mjane anayeheshimika, mwenye kitanda na godoro zuri, anatoka Jumapili baada ya ibada kwenda kulala chini kwa hiari yake! Majirani waliniuliza kwa sauti ya chini kama umefungiwa nyumba. Niliwaambia ni mambo ya daktari. Samahani kwa hilo.

Na hukutaka zile kambi za kulipia. Ulienda moja mara moja tu, huko Karen, ukarudi umenuna. Ukasema wanalipisha mpaka nyasi unayolalia, na bado unalala katikati ya pati ya watu wengine. Ukasema nchi hii ni kubwa, mahali pa kulala bure hapakosekani, mradi mtu ajue kuomba.

Hapo kwa kuomba ndipo ulikuwa profesa. Mimi nimekaa na wazee wa mitaa, nimekaa na machifu, nimeweka tenti ya waheshimiwa watatu kwa siku moja na hawakujua kwamba ni ile ile tenti, lakini sijaona mtu anaomba kama wewe. Ulikuwa unafika mapema, watu wakiwa bado wanaweza kuona uso wako. Unasimamisha gari mbali kidogo, unatembea kwa miguu, unaomba maji, na mtungi wako wa maji umejaa ndani ya gari! Nilikuuliza hiyo ni akili gani. Ukasema mtu akishakupa maji hawezi tena kukuogopa. Halafu, badala ya kuuliza kama unaweza kulala hapo, unauliza, "Nyasi hizi ni za nani?" Ndio hivyo tu. Na mtu anakuonyesha boma kwa kidole, anakusindikiza, anakubebea na mfuko.

Ndani ya mfuko kulikuwa na jiwe la chumvi ya ng'ombe. Ulikuwa unalinunua Ngong tukipita, kwa lile duka la dawa za mifugo. Hukuwa unalitoa kama malipo, ukilitoa kama vile mtu anavyobeba sukari akienda kuona mzazi. Asubuhi ya kuondoka ulikuwa unaokota kuni, unazifunga na kipande cha pazia, unaziweka mahali pakavu kwa mgeni atakayekuja nyuma yetu. Mimi nikisema hili ni pori la bure, unaniangalia vile mwalimu anamwangalia mtoto aliyejaza tumbo badala ya kichwa. "Hakuna pori lisilo na mwenyewe, Makokha. Kuna lile tu ambalo mwenyewe hujamsalimia."

Sasa nifike kwa dhambi.

Yote hayo niliyaona kwa sehemu nyingine tulizolala. Lile Jiwe la Kiti, pale ulipopapenda kushinda pote, sijawahi kuona njia yake. Mara nne ulinipeleka, na mara nne nilikuwa nimelala fofofo, kwenda na kurudi. Unajua vile Jumamosi zangu zinakuwa, harusi mbili na matanga moja, natoa paipu za tenti hapa napeleka pale, Jumapili nikiingia kwa kiti cha gari nazimika kama stima. Nilikuwa nazimika kabla ya Karen. Nikiamka, tenti iko juu, chai iko tayari, na Ngong iko mbele yangu ikiwa imegeuzwa, ule upande wake ambao kutoka kwetu hatuuoni.

Ila Kabiria nzima inajua kwamba mahali hapo nilipavumbua mimi. Nimesimulia kwa kinyozi, kwa kanisa, kwa kamati mbili za harusi. Nimesimulia vile nilitoa pua dirishani pale Kona Baridi, nikanusa upepo, nikakuambia kata kushoto. Na ile ya simba. Ile ya simba imepanda bei kila mwaka. Mara ya mwisho alikuwa simba dume na jike lake, na mimi nikiwa na sufuria peke yake. Wewe unajua ilikuwaje. Ulicheka siku ile mpaka ukakaa chini, halafu ukafuta macho, ukaniambia, "Usijali, hii nitakufa nayo."

Na kweli, Dada.

Wacha niendelee.

Nekesa wako amepata kazi ya uuguzi ng'ambo. Karatasi zote zimetoka. Mwisho wa mwezi huu anapanda ndege, na mkataba ni wa miaka. Usiniulize nchi gani, ni ile ya theluji, nimeshawaambia watu kwamba mimi ndiye niliyemwandikia barua ya maombi. Alikuja kwa stoo yangu siku moja akitoka kazini mjini, viatu vyake vyeupe mkononi kwa sababu ya matope yetu, akakaa juu ya tenti iliyokunjwa. Akasema, "Anko, kabla niende nataka unipeleke pale mathe alikuwa anapenda. Pale kwa jiwe. Usiku mmoja tu." Nikaona anahesabu maneno. "Kila saa alikuwa ananiambia tutaenda nikipata ofu kazini. Nikapata ofu, yeye akapata presha. Nikienda bila kupaona, Anko, nitakuwa nimeacha kitu."

Ungekuwa ni wewe ungesema nini? Mimi nilisema, "Hapo? Hapo naenda nimefunga macho." Hilo angalau lilikuwa kweli.

Alipotoka nilitoka jasho kama mtu wa malaria. Nilienda kwako nikapekua ule mkoba wa tenti ndogo nikitafuta hata karatasi yenye ramani. Nilipata mchanga, pegi nane, na kipande cha pazia la maua. Nekesa akanipigia kuuliza kama nimtumie lokesheni. Ati simu yake inaonyesha mahali pote pa kulala bure, watu wanaandika humo. Nikamwambia lokesheni iko kwa kichwa cha mjomba wake, na kichwa hicho hakihitaji chaji.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi na gari lako dogo jeupe, mkoba wa tenti ya chungwa ukiwa kiti cha nyuma. Anaendesha vizuri, anafunga breki kama wewe, mapema na bila hasira. Juu kwa keria tuliweka tenti yangu nyeupe, ile ya watu hamsini, na paipu zake zote. Nekesa aliuliza ya nini. Nikamwambia mtoto wa Trufosa haingii kulala kwa magoti kama kuku. Ukweli ni kwamba nilitaka, tukikosa mahali, angalau tukose kwa heshima.

Hatukununua chumvi. Nililiona lile duka tukipita Ngong, nikanyamaza. Mtu anayejidai anajua njia hasimami kununua vitu vya kuomba.

Mpaka Kona Baridi nilikuwa jemadari. Nilinusa upepo kabisa, nikatoa kichwa dirishani, nikasema teremka. Tukateremka. Baada ya hapo, Dada, miti yote ilikuwa migunga na migunga yote ilikuwa pacha. "Kata pale kwa mti." "Mti gani Anko? Si yote ni miti?" "Ule uliosimama." Tukaingia njia ikaisha kwa korongo. Tukarudi. Tukaingia nyingine, ikatupeleka mpaka kwa choo cha shule, walimu wakatutazama. Ya tatu ilikuwa njia ya mbuzi, na mbuzi walikuwa wanaitumia. Nekesa alikuwa ameacha hata kuuliza, anaendesha tu na midomo imefungwa, na hapo ndipo niliona uso wako kwake, ule uso wa kunipa nafasi ya kusema ukweli.

Sikuitumia. Tulifika kwa uwanja mzuri, tambarare, kuna kivuli, nikapiga mlango wa gari kwa kofi nikasema, "Ni hapa!"

Akashuka. Akazunguka. Akasema, "Mama alisema kuna jiwe kama kiti, ukikaa unaona Ngong kwa nyuma."

"Lilibebwa na mafuriko," nikasema.

"Jiwe, Anko?"

"Hujui maji ya huku."

Alikaa kwa boneti akaanza kuangalia viatu vyake. Na mimi, nikiona mambo yameharibika, nikafanya kile kitu kimoja ninachojua kufanya duniani. Nikaweka tenti. Niliiweka peke yangu, watu hamsini, paipu kumi na nne, kwa muda ambao vijana wangu wanne wangekuwa bado wanatafuta kamba. Hiyo haina chumvi, muulize Nekesa. Ikasimama pale nyeupe kama jino, inaonekana kutoka kila upande wa nchi.

Na hapo kuna kitu nilisahau, mimi mwenyewe ninayeishi na hizo tenti. Tenti nyeupe haisimami mashambani hivi hivi. Watu wakiiona wanajua kuna kitu.

Wa kwanza alikuja na pikipiki, akazima, akaangalia ndani. "Mheshimiwa anafika saa ngapi?" Nikamwambia hakuna mheshimiwa. Hakuniamini, akaegesha pikipiki kivulini akangoja. Halafu wakaja akina mama watatu wamevaa nguo za kanisa haraka haraka, mmoja ana sukari kwa leso, mwingine ana mtungi wa maji mgongoni, nyuso zao zimeshushwa chini. Wakatusalimia kwa mkono wa taratibu, ule wa msiba. Halafu vijana wawili wakauliza kama tunahitaji watu wa kubeba viti. Kabla ya saa kumi tulikuwa na watu kama ishirini chini ya tenti, wamekaa kwa nyasi, na hakuna aliyejua amekuja kwa nini. Nekesa alikuwa ameweka mkono mdomoni. Sikujua kama analia au anacheka.

Halafu mzee mmoja akasimama. Mrefu, ana fimbo, ana shuka nyekundu na koti la suti juu yake. Akaniuliza mbele ya wote, kwa ile sauti ya kikao:

"Wewe mwenye tenti. Hii ni siasa, ni harusi, ama ni mtu amekufa? Tuambie ndio tukae vizuri."

Dada, mdomo huu unaujua. Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari, na ule wa harusi ulikuwa umekamilika, una mpaka bwana harusi. Lakini nikawaona wale mama na sukari yao. Watu wameacha kazi zao kuja kulilia mtu wasiyemjua, kwa sababu tu wameona tenti. Nikafungua mdomo na kikatoka kitu kingine.

"Ni dada yangu," nikasema. "Dada yangu alikufa."

Unajua sijawahi kusema hivyo? Tangu ile siku. Nilikuwa nasema "wakati wa yale mambo," nasema "Trufosa alipotuacha," nikipinda maneno. Siku yako ya mazishi kule nyumbani nilikuwa kwa paipu tangu alfajiri. Kila mtu alisema Makokha amejitolea, ona vile anakaza kamba. Nilikaza kamba zilizokuwa zimekaza. Mchungaji aliposema watu wasogee wakutazame, nilikuwa upande wa nyuma nikipiga pegi ambayo ilikuwa imeingia zamani. Sikukutazama, Dada. Niliona kama nikiendelea kupiga, mambo hayatakuwa yamekwisha.

Basi pale nyuma ya Ngong, mbele ya watu nisiowajua, nikakaa chini. Yule mama wa sukari akaja akakaa karibu nami. Nekesa akaja upande ule mwingine. Yule wa pikipiki akavua kofia.

Mzee akaniacha kidogo. Halafu akauliza, polepole sasa, "Amezikwa wapi? Na mbona mmekuja kulia huku kwetu?"

Ndipo nikasema yote. Kwamba amezikwa mbali, kwetu magharibi, ni zaidi ya mwaka sasa. Kwamba huyu ni mtoto wake na anasafiri. Kwamba huku kuna mahali alipapenda na mimi nilisema napajua na sipajui. Nilisema hivyo, Dada, "sipajui," mtoto akisikia. Nikasema alikuwa anakuja na gari lile jeupe pale, na analeta chumvi ya ng'ombe...

Kulikuwa na nyanya mmoja amekaa karibu na nguzo, wao wanamwita Koko, masikio yake yana shanga, mgongo umenyooka kama msumari. Tangu aje alikuwa ananiangalia sana, kichwa upande. Aliposikia chumvi akapiga makofi mara moja. "Mama Chumvi!" Akasema kwa lugha yao, wengine wakaanza kuguna, mama mmoja akashika kifua. "Mama Chumvi amekufa?" Nekesa akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Halafu Koko akanielekezea kidole kile chembamba.

"Na wewe ndio yule wa punda."

Nikasema pengine amenifananisha.

"Sijakufananisha. Ni punda yangu!"

Nekesa akauliza, "Punda gani?"

Basi ikatoka. Koko alisimama akasimulia na mikono yote miwili, na yule wa pikipiki akawa anatafsiri na kuongeza. Kumbe jioni ile alikuwa kwa kilima, anatafuta punda wake, akaona kila kitu kama mtu aliye kwa jukwaa. Akaona vile punda alinusa ugali ndani ya tenti ya chungwa, akaingiza kichwa. Akaona vile mwanamume mzima alitokea mlango wa nyuma, ambao haukuwa mlango, akapanda juu ya keria ya gari akiwa na mguu mmoja tu ndani ya suruali na sufuria mkononi, akaita jina la mama yake. Akaona vile Mama Chumvi alimshika punda sikio, akamtoa taratibu, akampa kipande cha ugali. "Na yeye bado iko juu!" Koko akasema. "Punda amerudi nyumbani, amelala, na yeye bado iko juu ya gari!"

Wakacheka, Dada. Chini ya tenti ya msiba. Mzee wa fimbo alishika nguzo yangu kwa kicheko mpaka nikaogopa ingetoka. Na Nekesa, ambaye tangu ulale sijamsikia akicheka kile kicheko chake cha tumboni, alianguka kwa bega langu akawa anasema, "Anko! Simba! Anko, si ulisema simba!" Machozi yanamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko, na hakuna aliyemhesabia yapi ni yapi.

Koko mwenyewe akatupeleka. Nilikuwa nimekosea kwa kilima kimoja tu. Andika hiyo huko uliko, kilima kimoja, nikiwa nimefunga macho mara nne. Unaweza kumpata mtu mwingine wa kukosea kidogo hivyo?

Na lilikuwa pale. Jiwe lako, na ule mgongo wake wa kuegemea. Nekesa alienda akakaa bila kuambiwa, akaweka mikono pale ulipokuwa unaweka yako, na Ngong ikawa mbele yake kwa ule upande usioonekana kutoka mjini. Jua lilikuwa bado juu. Mimi nikafunga mdomo, jambo ambalo Koko alisema hakutarajia.

Halafu Koko akainama chini ya lile jiwe, pale palipo kama pango dogo, akavuta kitu.

Ni kuni. Mzigo mmoja, mkavu kabisa, umefungwa na pazia la maua.

Zako za mara ya mwisho. Kumbe zimekaa hapo muda wote huo. Nikamuuliza Koko mbona hawakuzichukua, watu wanaotembea mbali hivyo kutafuta kuni. Akanishangaa. Akasema wewe uliwaambia ni za mgeni anayekuja, na mgeni alikuwa hajafika.

Nilifungua lile fundo mimi. Umefunga kama unavyofunga kila kitu, mara mbili, na fundo la tatu juu yake. Nekesa akawasha moto, akaweka maji, akatia majani, na ile sukari ya kwa leso ikapata kazi. Tukanywa na Koko, na mzee wa fimbo, na yule wa pikipiki ambaye bado alikuwa anatarajia mheshimiwa. Dada, nimekunywa chai kwa mahoteli makubwa, nimekunywa na mabwana harusi wa kila kabila, lakini ile ulitupikia wewe, na hiyo siongezi wala sipunguzi.

Tenti yangu ya watu hamsini ililala peke yake kule ng'ambo ya kilima. Sisi tuliweka ile ndogo ya chungwa. Niliingia kwa magoti.

Asubuhi mtoto wako alikuwa ameamka kabla yangu. Nilimkuta anaokota kuni. Hakuna mtu aliyemwambia. Alizikata sawa sawa, akazifunga na kile kipande cha pazia nilichokipata ndani ya mkoba, akazisukuma chini ya jiwe. Akapangusa mikono, akaniambia, "Sasa naweza kwenda, Anko." Na uso wake ulikuwa mwepesi. Nataka ujue hivyo. Ulikuwa mwepesi.

Tukirudi nilikaa macho. Macho yote mawili, mpaka Waithaka. Sasa najua ni kushoto pale penye nyumba ya mabati mekundu, halafu unafuata ukingo wa korongo mpaka boma la Koko, unashuka, unaomba maji. Nekesa alitaka kupiga alama kwa simu yake, ili wale watu wa mtandao wapajue. Akafikiria, akaifuta. Akasema pale huwezi kufika kwa simu, lazima mtu akupeleke.

Hii barua nitaikunja niiweke ndani ya mkoba wa tenti ya chungwa, pamoja na zile pegi nane. Nekesa akishaondoka, Jumapili ya kwanza nitakuwa njiani. Nitasimama Ngong ninunue chumvi, mawe mawili, moja ni lile nililokosa kubeba. Nakuahidi sitafika mahali pa mtu kabla ya kumsalimia mwenyewe, na kuni hazitakosekana chini ya lile jiwe nikiwa bado na magoti, hata kama ni hili moja. Na nakuahidi nitarudi kwa kinyozi, kwa kanisa na kwa zile kamati mbili, niwaambie ni nani aliyepavumbua. Kwa jina, na sauti ya kikao.

Pumzika, Dada. Siku ile sikuja kukutazama, sasa nimekutazama. Siri yangu uliitunza mpaka mwisho, na imetoka kwa njia nzuri.

Hata ya punda nitawaambia. Lakini wewe ulikuwepo, Dada, na Koko hasikii, kwa hiyo tukubaliane hapa sisi wawili. Yule punda alikuwa mkubwa.

Ni mimi ndugu yako, mzima,

Makokha